Wakili wako hakutokea, kesi ikaamuliwa upande mmoja: namna ya kuomba hukumu itenguliwe

Nafanya kazi ya usaidizi wa kisheria, na swali hili linanijia karibu kila wiki, sura tofauti, kilio kilekile. Mtu alishtakiwa kwa madai, akatafuta wakili, akalipa, akarudi kwenye shughuli zake akiamini mambo yako kwenye mikono salama. Miezi inapita. Siku moja dalali wa mahakama anafika na karatasi, na ndipo mwenye kesi anajua kwamba hukumu ilishatoka, wakili hakuwasilisha utetezi au hakufika siku ya kusikilizwa, na mdai ameshinda bila mtu wa kumjibu.

Ukiwa kwenye hali hiyo, njia ipo, lakini ni nyembamba. Nakuambia mapema ili usipoteze nguvu pasipostahili: mahakama zetu za Tanzania hazipendi kabisa kisingizio cha "wakili wangu alizembea". Mahakama ya Rufani iliwahi kusema, katika shauri la Umoja Garage dhidi ya NBC la mwaka 1997, kwamba wakili kupitiwa si sababu ya kutosha, na tangu hapo imerudia mara nyingi kwamba mwenye kesi ana wajibu wa kuifuatilia mwenyewe hata kama ameajiri wakili. Anayemtupia wakili kesi na kuondoka hasikilizwi akija kulalamika kwamba hakuambiwa. Lakini mahakama hiyohiyo imekubali kwamba zipo nyakati ambapo kosa la wakili linaweza kusameheka, ukiangalia mazingira yote, pale ambapo mteja mwenyewe alifanya bidii. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inajibu swali moja ambalo hakimu atajiuliza: na wewe ulikuwa wapi muda wote huo?

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara, kwa mashauri ya madai yanayoendeshwa chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, yaani Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu. Mahakama ya Mwanzo, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) inayoshughulikia migogoro ya kazi, na Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu vina kanuni zao. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya nalo lina kanuni zake za mwaka 2003, ingawa huko pia muda wa kuomba ni siku 30 na mengi ya hapa yatakusaidia.

Vitu vya kukusanya kabla ya kuanza

- Namba ya shauri, jina la mahakama, na majina ya pande zote kama yalivyoandikwa kwenye hati ya madai.
- Hati ya madai na wito uliopokea, kama unao.
- Ushahidi kwamba ulimwajiri wakili: mkataba, risiti, muamala wa simu au wa benki.
- Mawasiliano yote mliyofanya: meseji, WhatsApp, barua pepe, orodha ya simu ulizopiga. Usifute kitu na usibadilishe simu sasa hivi.
- Nyaraka za utetezi wako halisi: stakabadhi, mikataba, hati, chochote kinachoonyesha kwamba ungesikilizwa ungekuwa na la kusema.
- Daftari la kuandika tarehe. Sisemi kwa utani, hili daftari ndilo litakalobeba ombi lako.
- Fedha za ada na za wakili mpya. Ukiwa huna uwezo, nenda kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Nenda mapema, wana foleni.

Hatua ya 1: Jua tarehe ya hukumu leo hii

Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, una siku 30 za kuomba hukumu ya upande mmoja itenguliwe, na zinahesabiwa tangu siku ilipotolewa. Siku uliyopata habari haibadilishi hesabu hiyo. Watu wengi hukosea hapa: wanapata habari siku ya 20, wanadhani wana mwezi mzima mbele, wanakaa wakisubiri nakala. Kwenye rufaa, muda wa kusubiri nakala huondolewa kwenye hesabu. Kwenye ombi hili usitegemee nafuu hiyo. Omba nakala, lakini endelea kuandaa ombi.

Hatua ya 2: Kagua jalada

Andika barua kwa Naibu Msajili au Hakimu Mfawidhi wa mahakama husika ukiomba kukagua jalada na kupewa nakala ya mwenendo wa shauri (kumbukumbu ya yaliyotokea kila tarehe), hukumu na tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu). Hakikisha nakala yako ya barua inagongwa mhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Mhuri huo ni ushahidi wa bidii yako.

Jalada likiwa mbele yako, soma taratibu. Kwa kila tarehe, mwenendo huonyesha akidi, yaani nani alikuwepo na nani hakuwepo. Andika kwenye daftari:

- Wakili wako alifika tarehe zipi, na lini alianza kukosekana?
- Je, utetezi wa maandishi uliwasilishwa? Sheria inatoa siku 21 tangu kupokea wito.
- Ni amri gani iliruhusu shauri kusikilizwa upande mmoja, na ilitolewa lini?
- Je, ulipewa taarifa ya tarehe ya kusomwa hukumu?

Swali hilo la mwisho lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1992, katika shauri la Cosmas Construction dhidi ya Arrow Garments, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba mtu aliyeshindwa kufika hupoteza haki ya kushiriki usikilizwaji, lakini hapotezi haki ya kujulishwa siku ya hukumu. Kama jalada halionyeshi kwamba ulijulishwa, una hoja inayosimama yenyewe, nje kabisa ya uzembe wa wakili. Iandike kwa wino mwekundu.

Angalia pia kama kweli wito ulikufikia. Nimeona jalada lenye kiapo cha mpeleka wito kinachosema mdaiwa alikataa kusaini, siku ambayo mdaiwa alikuwa amelazwa wodini. Hoja ya namna hiyo ina nguvu mara kumi kuliko kumlaumu wakili.

Hatua ya 3: Tambua unaomba nini hasa

Kama hukumu ilitoka kwa sababu utetezi wa maandishi haukuwasilishwa, ombi lako litajengwa chini ya Amri ya VIII ya Sheria hiyo ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Kama utetezi ulikuwepo ila hamkufika siku ya kusikilizwa, ni Amri ya IX, na kanuni inayotumika sana ni ya 9, ambayo zamani ilikuwa ya 13. Namba zimehamishwa katika marekebisho, kwa hiyo tumia toleo la sheria lililorekebishwa karibuni na usinakili ombi la zamani la jirani.

Kama wewe ndiye uliyefungua shauri na likafutwa kwa kutohudhuria, hapo unaomba lirejeshwe. Ushahidi wa bidii unafanana lakini kifungu ni kingine.

Hatua ya 4: Mwandikie wakili wako wa zamani

Kwa maandishi, siyo simu tu. Barua fupi yenye heshima, yenye mambo matatu: akueleze kilichotokea tarehe ulizoziona kwenye mwenendo, akurudishie jalada lako, na kama ana sababu ya kweli, aape kiapo kueleza.

Najua una hasira. Nimekaa na watu wakilia kwa sababu nyumba waliyoijenga miaka kumi inauzwa. Hata hivyo barua ya matusi itakufungia mlango, kwa sababu kiapo cha wakili mwenyewe akikiri kosa na kulieleza ndicho ushahidi bora kuliko wote utakaoweza kupata. Wapo mawakili waungwana wanaokubali. Asipojibu, nakala ya barua na uthibitisho wa kuifikisha unaviambatanisha kwenye kiapo chako.

Wakati huohuo, tafuta jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama ana leseni hai. Ukigundua kwamba ulikuwa mikononi mwa kishoka, yaani mtu anayejifanya wakili, mwambie wakili wako mpya mara moja, maana hoja inabadilika kabisa na polisi nao wanahusika.

Hatua ya 5: Jaza daftari, siku kwa siku

Hapa ndipo maombi mengi hufia, na ndiyo sababu nakaa hapa zaidi.

Chora safu tatu: tarehe, nilichofanya, uthibitisho. Anza siku ulipomwajiri wakili, malizia siku utakayosajili ombi. Kipindi cha kwanza kinaonyesha kwamba ulikuwa unafuatilia kesi. Kipindi cha pili, tangu ulipojua kuhusu hukumu, kinaonyesha kwamba hukulala. Kwa mfano:

- 4 Machi: nilimpigia wakili kuuliza tarehe ya kesi, akasema imeahirishwa hadi Aprili. Uthibitisho: meseji yake.
- 15 Aprili: nilifika mahakamani mwenyewe, karani akanieleza jalada liko kwa hakimu. Uthibitisho: tiketi ya basi, ndugu niliyefuatana naye ataapa.
- 2 Mei: dalali alinipa notisi. Uthibitisho: notisi yenyewe.
- 3 Mei: niliandika barua ya kukagua jalada. Uthibitisho: nakala yenye mhuri.

Ukiona wiki mbili tupu, usizifunike. Jiulize kwa ukweli ulikuwa unafanya nini. Kama uliugua, tafuta cheti cha hospitali. Kama ulikuwa unatafuta ada, eleza kwa tarehe, ingawa ukata peke yake mara nyingi hautoshi. Kanuni ya Mahakama ya Rufani ni kali: hata siku moja ya ucheleweshaji lazima itolewe maelezo.

Na tofautisha "nilimwamini" na "nilifuatilia". Meseji moja ya "wakili, kesi yetu inasemaje?" iliyojibiwa "usijali, nipo kazini" ina thamani kuliko kurasa tano za kumlaani.

Hatua ya 6: Andaa ombi na kiapo

Ombi huletwa kwa hati ya wito wa chemba, ambayo mawakili wengi huiita chemba samansi, ikiungwa mkono na kiapo. Hati inataja sheria na unachoomba. Kiapo kinabeba ukweli wa tukio. Kiwe na:

1. Wewe ni nani, na unayajuaje unayoyasema.
2. Shauri lilivyoanza, ulivyomwajiri wakili na lini.
3. Ufuatiliaji wako, kutoka kwenye daftari, kwa tarehe.
4. Ulijuaje kuhusu hukumu na ulifanya nini tangu hapo.
5. Kilichomzuia wakili, kama kinajulikana, na chanzo cha habari hiyo.
6. Utetezi wako kwa ufupi. Ambatanisha rasimu ya utetezi wa maandishi. Huhitaji kuthibitisha kwamba utashinda, ila hakimu akiona kuna jambo la kweli la kubishaniwa, moyo wa kukufungulia mlango unaongezeka.

Mfano wa aya nzuri: "Kwamba, tarehe 4 Machi nilimtumia wakili wangu ujumbe kuuliza tarehe ya shauri, naye akanijibu kuwa limeahirishwa hadi 15 Aprili. Nakala ya ujumbe huo imeambatanishwa na kuwekewa alama A-2."

Mfano wa aya mbaya: "Kwamba, wakili huyo ni mzembe na mwizi na kwa mujibu wa Katiba nina haki ya kusikilizwa." Aya hiyo ina matusi, ina hoja ya kisheria, na haina tukio hata moja. Haki ya kusikilizwa ipo kweli, Ibara ya 13(6)(a), lakini mahali pake ni kwenye mawasilisho, yaani hoja za kisheria zinazotolewa ombi likisikilizwa. Kiapo kinabeba matukio tu, hakibebi hoja, maombi wala hitimisho.

Angalizo ambalo limewaangusha wengi: ukimtaja mtu kwenye kiapo kwamba alikwambia au alifanya jambo la msingi, naye anapaswa kuapa chake. Umesema karani alikuambia jalada halionekani? Unahitaji kiapo cha karani, vinginevyo aya hiyo itahesabika ni tetesi. Kabla ya kusaini, hakikisha aya ya uthibitisho mwishoni mwa kiapo inatofautisha unayoyajua mwenyewe na uliyoambiwa, na kwamba kamishna wa viapo ameandika mahali, tarehe na jinsi alivyokutambua. Usisaini nyumbani ukampelekea. Saini mbele yake.

Hatua ya 7: Kama siku 30 zimeshapita

Usisajili ombi la kutengua. Litatupwa kwa kuchelewa. Anza na ombi la kuongezewa muda chini ya kifungu cha 14 cha Sheria ya Ukomo, na njia salama ni kulileta peke yake, kisha ukishapewa muda ndipo ulete la kutengua.

Vipimo vinavyotumika vinatoka kwenye shauri la Lyamuya Construction la mwaka 2010: utoe maelezo ya muda wote uliochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, uonyeshe bidii na siyo uzembe, na kama upo ukiukwaji wa sheria ndani ya hukumu yenyewe, uuonyeshe. Ukiukwaji huo uwe wa kuonekana waziwazi kwenye jalada, kama ule wa kutojulishwa siku ya hukumu. Usiwe wa kuchimbwa kwa hoja ndefu.

Hatua ya 8: Sajili, lipa, omba zuio

Usajili unafanyika kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Pakia nyaraka, pata namba ya malipo, lipa siku hiyohiyo na utunze risiti. Ombi ambalo ada haijalipwa halijasimama.

Kusajili ombi hakusimamishi ukazaji wa hukumu, yaani utekelezaji wake. Narudia kwa sababu nimeona mali ikipigwa mnada wakati ombi liko masjala. Kama dalali ameshakuja, leta ombi la kusimamisha utekelezaji pamoja na hati ya dharura, na omba amri ya muda itolewe kabla pande zote hazijasikilizwa.

Hatua ya 9: Siku ya kusikilizwa

Nenda mwenyewe, hata kama una wakili mpya. Kaa mstari wa mbele. Mpinzani ataleta kiapo kinzani, na mara nyingi pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria ya kutaka ombi litupwe kabla halijasikilizwa. Mahakama ikiamuru mawasilisho ya maandishi, andika tarehe zote na mkumbushe wakili wako siku tatu kabla ya kila moja, kwa sababu kutowasilisha kwa wakati kunahesabiwa sawa na kutofika. Kuanguka mara ya pili kwa sababu ileile hakuna atakayekuhurumia.

Jiandae pia kwa masharti. Mahakama inaweza kutengua hukumu lakini ikakuamuru ulipe gharama za mpinzani au uweke fedha mahakamani. Ukiweza, sema mapema kwamba uko tayari kulipa gharama hizo.

Makosa ninayoyaona kila mara

Kukimbilia rufaa. Kama unacholalamikia ni kuendelea bila wewe, mlango wa kwanza ni mahakama ileile iliyotoa hukumu.

Kulieleza jambo zito kwa mdomo siku ya kusikilizwa wakati halimo kwenye kiapo. Maneno ya wakili mbele ya hakimu si ushahidi.

Kutengeneza ushahidi. Meseji ya kughushi ikigundulika, umepoteza kesi na unaweza kupata nyingine ya jinai.

Kuamini kwamba malalamiko kwenye Kamati ya Mawakili yatarudisha kesi. Kamati inashughulikia nidhamu ya wakili chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Peleka malalamiko kama una ushahidi, ni haki yako, lakini hayasimamishi ukazaji wa hukumu wala hesabu ya siku zako.

Ikikwama

*Jalada halionekani.* Andika barua kila unapofuatilia, kila moja igongwe mhuri. Ikizidi wiki, mwone Hakimu Mfawidhi. Sajili ombi kwa ulichonacho na ueleze ugumu huo kwenye kiapo.

*Wakili wa zamani anashikilia nyaraka akidai ada.* Kubalianeni kulipa kidogokidogo kwa maandishi, au chukua nakala za mahakamani. Usiache siku zipite mkibishana.

*Sina meseji hata moja, tuliongea kwa simu tu.* Omba orodha ya simu kutoka kampuni yako ya simu, na tafuta watu waliokuwepo mkiongea ili waape. Na kama kweli hukufuatilia kabisa, mwambie wakili mpya ukweli huo. Ataelekeza nguvu kwenye wito, taarifa ya siku ya hukumu au kasoro nyingine ya jalada.

*Mali imeshauzwa.* Kutengua hukumu bado kunaweza kuwa na maana, lakini aliyenunua ameingia kwenye picha. Hapa usiende bila wakili.

*Ombi limekataliwa.* Amri ya kukataa kutengua hukumu ya upande mmoja chini ya Amri ya IX ni ya kukatiwa rufaa, kwa mujibu wa Amri ya XL. Siku hiyohiyo, kabla hujatoka eneo la mahakama, andika barua ya kuomba nakala ya uamuzi na amri, na muulize wakili akuandikie siku ya mwisho ya rufaa kwenye karatasi.

*Nataka kumshtaki wakili kwa hasara aliyonisababishia.* Inawezekana kwa shauri la madai la peke yake. Tunza jalada lote, likiwemo daftari lako, na usisaini karatasi yoyote ya "tumemalizana" atakayokuletea kabla hujamwonyesha wakili mwingine.